Nyigu Kwenye Mkungu wa Sadaka

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Ijumaa, nikiwa nimeinamia cherehani barazani kwetu Kimandolu, Arusha, mama mkwe alipiga simu. Huwa hapigi asubuhi. Asubuhi ni ya ng'ombe. Simu ni ya jioni, baada ya chakula. Niliacha sketi ya shule ikiwa imeshonwa upande mmoja, nikapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nyuki kwenye mkungu wangu."

"Mkungu upi?"

"Kwani nina mingapi? Ule wa Jumapili."

Jumapili hiyo kanisani kwake, juu kwenye mteremko wa Meru, ilikuwa sadaka ya mavuno. Kila nyumba hupeleka kitu kilichotoka shambani: maharage, mayai, jogoo, kahawa, ndizi. Ibada ikiisha vitu hivyo hunadiwa nje, na fedha huingia kanisani. Mama mkwe alikuwa amechagua mkungu mmoja wa mshare, ndizi za kupika, tangu ulipoanza kuinama, akaufunga kitambaa cheupe kwenye kikonyo na kuwatangazia kina mama wenzake. Mwaka uliopita mguu wake ulikuwa kwenye plasta, akatuma bahasha kwa mkono wa jirani. Bahasha hainadiwi. Hakuna anayeibeba begani wala anayeuliza imetoka shamba la nani. Hakuwahi kusema kwamba jambo hilo lilimuuma, ila mwaka huu aliuzungumzia mkungu ule kama watu wanavyozungumzia ndama.

"Mama, si ukate mwingine tu?"

"Nimeshaufunga kitambaa."

Nilielewa kwamba hapo hapakuwa na mjadala. Kwake, mkungu ukishafungwa kitambaa si wake tena, na mtu habadilishi kitu kisicho chake.

Mume wangu, ambaye ni fundi friji na ana karakana ndogo Sokon I, alipokuja kula mchana nilimpa habari. Alifurahi kuliko nilivyotarajia.

"Nyuki wamekuja wenyewe! Watu wanatundika mizinga na kusubiri mwaka mzima, mama kaletewa mlangoni."

"Mlangoni? Wako kwenye ndizi."

"Asali ni asali, mke wangu. Tafuta ndoo yenye mfuniko."

Mimi nilitafuta pia kitabu changu cha ufugaji nyuki, ambacho nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba na kukisoma mara mbili bila kuwa na mzinga hata mmoja. Kinaeleza vizuri kwa nini nyuki hufukizwa moshi: hudhani moto unakuja, hukimbilia kujaza matumbo asali ili wahame nayo, na nyuki aliyeshiba hana haraka ya kuuma. Nilitoboa kopo la maziwa ya unga, nikafunga waya uwe mshikio. Kisha nikachukua neti ya mbu iliyochakaa, nikaizungushia ukingo wa kofia ya mume wangu kwa mshono wa mashine, mistari miwili. Mshono huo haukuwa na kasoro. Nataja hilo kwa sababu baadaye neti ililaumiwa.

Jumamosi tulipanda, njia ya kuelekea Momela, tukafika kabla jua halijachomoza vizuri kwenye mawingu. Mwezi wa saba kule juu huwa baridi ya kuvaa makoti mawili. Mama mkwe alitupokea getini na fimbo yake, mguu ukiwa umepona lakini bado anautembelea kwa tahadhari. Shamba lake ni kama mashamba mengi ya pale: migomba juu, mibuni kivulini mwake, kabeji kidogo karibu na zizi. Mimi nilikuwa bado namsalimia na kuulizia ng'ombe, mume wangu alikwisha kulijaza kopo kinyesi kikavu na majani ya migomba, akaliwasha, akaingia shambani na ndoo mkono wa pili.

Niligeuka kuutazama mkungu, na nilichokiona kilinifanya nipaze sauti. Chini ya jani, karibu kugusa chane ya juu, kilining'inia kiota cha rangi ya kijivu, kimeshikwa na kikonyo chembamba, uso wake ukiwa vishimo vitupu vya pembe sita. Hakikuwa na nta wala tone la asali. Kilikuwa karatasi.

"Rudi! Si nyuki hao!"

"Nini?"

"Ni nyigu! Usipulize!"

Alikuwa ameshapuliza. Nyigu hana asali ya kuokoa. Ukimfukiza moshi, hana la kufanya ila kukutafuta wewe. Walimshukia kama kumi hivi. Neti ilikuwa imara, lakini upande wa kulia ilikuwa imelalia sikio, na wanaweza kuuma kilichogusana na neti. Alipita katikati ya mibuni akikimbia, kofia ikanaswa na tawi, akaiacha hapo. Ndoo ilibiringika mpaka kwenye kabeji.

Mama mkwe alimtazama sikio bila haraka.

"Limekuwa la tembo," alisema. "Si nilisema nyuki?"

"Mama, hawa ni nyigu," nilisema.

"Wanauma, hawaumi?"

"Wanauma."

"Basi."

Hakuna aliyedanganya wala kukosea hapo. Kwa Kimeru, alinieleza tukiwa tunamkanda mwanawe kwa maji baridi, kila mdudu ana jina lake na tabia yake, na yeye anayajua yote. Kiswahili alikipatia sokoni alipokuwa akiuza ndizi, akachukua maneno ya kumtosha. Kwa mdudu yeyote anayeuma alichukua neno moja, nyuki. Kwa miaka yote lilikuwa limemtosha.

Jirani alileta kopo la dawa ya kupuliza. Mama mkwe alilipokea, akashukuru, akaliweka juu ya kabati la vyombo.

"Mama, dakika mbili tu kazi imeisha," mume wangu alisema, ameshika sikio.

"Nimpelekee Mungu ndizi zenye sumu? Wewe utazila?"

"Zitaoshwa."

"Osha sikio lako."

Mchana ule sikuwa na kazi nyingine, kwa hiyo niligeuza ndoo, nikaikalia mbali kidogo na chai yangu, nikawatazama. Katika picha za vitabu vya nje nyigu huwa na mistari ya manjano na nyeusi inayong'aa. Hawa wa Meru walikuwa rangi ya kahawa iliyokaangwa, kiuno chembamba kama uzi namba arobaini, na wakiruka miguu ya nyuma huning'inia chini kana kwamba wameisahau. Mmoja alitua kwenye nguzo ya uzio, hatua chache kutoka nilipokaa, akaanza kuparua mti. Nilisikia mparuo wake, mkavu, kama kucha kwenye kitambaa cha jinzi. Aliparua mpaka akapata donge dogo la kijivu, akaenda nalo kiotani, akalitandaza ukingoni. Yaani nguzo ya mama mkwe ndiyo ilikuwa inageuzwa karatasi. Mwingine alirudi amebeba kiwavi wa kijani, aliyekatwakatwa na kuviringwa. Nilimtambua kiwavi, ndugu zake walikuwa kwenye kabeji.

Nilimweleza mama mkwe.

"Kwa hiyo wanafanya kazi," alisema.

"Wanafanya."

"Wakaifanye kwingine. Mimi nina Jumapili."

Alisema hivyo, kisha akaangalia kitambaa chake cheupe kule juu. "Wenzangu wameshaniuliza leo mara mbili," aliongeza. "Nimewaambia mkungu unakuja."

Jua lilipoanza kushuka na ubaridi kuteremka kutoka mlimani, niliona jambo ambalo kitabu hakikunifundisha. Nyigu waliacha kutoka. Walisogeleana juu ya kiota, vichwa upande mmoja, mpaka wakatulia kabisa. Nilirusha kijiti kikapita karibu nao. Hakuna aliyeruka. Nikajua tutawaendea alfajiri, baridi ikiwa bado imewashika.

Ndivyo tulivyofanya. Kulipopambazuka kiasi cha kuona mkono, mume wangu alisimama chini ya mgomba ameshika ndoo, mimi juu ya stuli na mkasi wangu wa kukatia vitambaa. Nyigu walitikisa mabawa bila kuweza kuruka. Nilikata kikonyo cha kiota, kikaangukia ndoo bila kishindo, mfuniko ukafungwa. Mume wangu alikipeleka nyuma ya zizi, akakilaza kwenye panda ya mti wa uzio, akarudi akitembea kwa mapozi ya mtu aliyeshinda. Tukaukata mkungu. Ulikuwa mzito hata tukaubeba wawili. Mama mkwe alituelekeza tuuweke karibu na mafiga ukauke umande wakati yeye anavaa, na alipotoka alikuwa na kitenge kipya na kilemba cha rangi ileile.

Kati ya chane ya pili na ya tatu, palipobanana, kulikuwa na kiota kingine, kidogo kama kifuniko cha soda. Hatukukiona.

Nje ya kanisa mnada uliendeshwa na mzee wa kanisa ambaye amefanya kazi hiyo kwa muda mrefu na anaifanya vizuri. Pale kwao sheria ni moja na kila mtu anaijua: mkono ulioinuka umenunua, na haurudishwi. Jogoo alikwenda. Trei za mayai zikaenda. Kisha vijana wawili wakauinua mkungu wa mshare, na watu wakaguna kwa kuridhika.

"Huu umetoka kwa bibi yetu aliyekuwa mgonjwa mwaka jana," mnadi alisema. "Leo kaja kwa miguu yake. Tunaanza na elfu kumi."

Mama mkwe alisimama mbele, fimbo mkononi, kidevu juu. Mikono ikainuka: elfu kumi na mbili, elfu kumi na tano. Jua lilikuwa limetoka sasa na kuupiga mkungu sawasawa. Nyigu wa kwanza alitoka katikati ya ndizi, akazunguka mara moja, akatua kwenye karatasi ya mnadi. Mnadi akampungia aondoke. Wa pili alikwenda kwa mwanamume mwenye kofia ya pama, naye akapiga hewa kwa mkono wote.

"Elfu kumi na nane, baba wa kofia!"

"Mimi nafukuza mdudu!"

"Mkono ni mkono, baba. Elfu ishirini? Nauona, mama wa gauni la bluu!"

"Jamani, kananiingia kwenye nywele!"

"Amina! Elfu ishirini na tano!"

Watu walicheka, wengine walirudi nyuma, na kila aliyejitetea alipandisha bei. Ikafika elfu thelathini na tano. Lakini kijana mmoja kati ya wale wabebaji alichomwa mkononi, akaachia upande wake, na mkungu ukakaa chini kwa kishindo. Kicheko kilipungua. Mama mmoja akasema, "Utoeni pembeni, utaumiza watoto." Mwingine akaitikia, "Unadiwe wiki ijayo." Mnadi alisita, akatazama mkungu, akamtazama mama mkwe.

Nami nilimtazama. Kidevu kilikuwa kimeshuka. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili na kukodolea macho kitambaa chake cheupe, ambacho sasa kilikuwa kimegusa vumbi.

Mume wangu, na sikio lake, alitoka katikati ya watu. Aliinama, akauchukua mkungu peke yake, akautupia begani upande wa sikio ambalo halijavimba, akasimama nao palepale mbele ya watu wote.

"Endelea, mzee," alisema. "Hawa tunafahamiana."

Kicheko kilirudi, kikubwa zaidi. Mnadi akapata sauti yake. "Elfu thelathini na tano ya kwanza! Ya pili!" Wakati huohuo nilihisi kitu kikitembea kwenye kilemba changu, juu ya sikio, na mkono ukaruka wenyewe.

"Elfu arobaini na tano! Mkwe wa bibi!"

Alikuwa ameruka elfu kumi nzima, na angeniuliza ningeweza kubisha. Nyigu alikuwa ameshaondoka. Nilimwangalia mama mkwe. Alikuwa amenigeukia, na kidevu kilikuwa kimerudi mahali pake. Niliuacha mkono juu.

"Mnanunua ndizi za kwenu wenyewe?" mwanamume wa kofia aliuliza.

"Zilikuwa za kwetu kabla sijazifunga kitambaa," mama mkwe alimjibu kabla yangu. "Za leo zilikuwa za kanisa. Wewe ulizikimbia."

Yule baba alicheka mpaka akavua kofia. Kina mama wenzake walikuja mmoja mmoja kumshika mkono, wakiuliza mbolea na shimo la mgomba, naye alijibu kila mmoja kwa kirefu, kwa Kimeru, nikasikia katikati neno moja la mdudu ambalo sikulijua, likifuatiwa na kicheko cha wote. Nilimwomba alirudie. Akalirudia polepole, na nikalikariri.

Tulirudi kwake, mume wangu akautikisa mkungu juu ya nyasi mpaka kiota kidogo kikadondoka, na mchana tukapika machalari ya chane moja, ndizi kwa nyama, tukala hadi tukalegea. Chane zilizobaki tulishuka nazo Kimandolu, nikawagawia majirani wawili. Mkungu kama ule, sokoni kwetu wiki ileile, ulikuwa unauzwa elfu kumi na nane. Nilitoa elfu arobaini na tano. Kwa hiyo hasara yangu, kwa hesabu kamili, ilikuwa shilingi elfu ishirini na saba.