Nyota Kwenye Lungo ya Mama

Nakumbuka siku ya kufunga masomo kule Bihambwe, mwanangu, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala. Hata leo nikiisimulia najivuna, na siombi ruhusa ya mtu.

Wazazi walikuwa wamekaa kwenye majani, wamama wakipepeta maharage ya karamu pembeni. Baba mukubwa, kaka ya papa yangu, alitaka nitolewe masomoni nikalime. "Mutoto mwanamuke anajifunza nini kule? Leo aseme kitu kimoja mimi sijue, njo nitamuacha." Na neno lake nyumbani halikupingwa.

Mwalimu akanipa picha iliyotoka kwenye gazeti la Wazungu: weusi mtupu, na ndani yake mstari mwembamba wa mwanga, umevimba kidogo katikati. Nilitakiwa kueleza kwamba ule mstari ni nyota zisizohesabika, ziko mbali ajabu, zimejipanga duara na zinazunguka. Nikaanza na Kifaransa nilichokariri. Kikaniishia mdomoni.

"Duara gani?" Baba mukubwa akasema. "Hii iko fimbo!"

Watu wakacheka mpaka machozi. Nilitamani ardhi inimeze. Mama peke yake hakucheka. Akapaza sauti toka kule kwenye maharage: "Weye, acha kutafuta maneno ya wengine! Sema na ile unajua!"

Nikamwendea, nikachukua lungo yake ya kupepetea. Nikaizungusha kama alivyonifundisha, mpaka maganda yakakusanyika katikati, kilima kidogo.

"Baba mukubwa, hii iko namna gani?"

"Iko duara."

"Samahani, sasa uchuchumae, uiangalie toka pembeni."

Aka! Mtoto kumchuchumaza mzee mbele ya lungo, kazi ya wanawake! Lakini alichuchumaa. Akaangalia, akasimama, akaangalia toka juu, akachuchumaa tena.

"Mama yee! Iko ile ile picha." Akamgeukia papa. "Huyu asishike jembe siku ya masomo."

Mama akapiga vigelegele, maharage yakamwagika. Nami nikasoma, nikawa mwalimu mwanamke wa kwanza kwenye kilima chetu.

Basi, mwanangu, ukimwona muntu ao jambo linaonekana jembamba, hamia upande mwingine kwanza, kisha njo useme. Na ukiwa na jambo kubwa la kueleza, usione haya kulieleza kwa vitu vya nyumbani kwenu. Mungu akupe macho yasiyochoka, na wakubwa wasioona aibu kuchuchumaa mbele yako.