Bidoni la Mananasi Mbele ya Mama Mkwe

Chekeni mapema mmalize, maana nikifika pale mkono wangu ulipotua usoni pa mama mkwe sitaki kukatizwa, aibu ile hadi leo ikinijia njiani naanza kutembea haraka kama mtu anayefukuzwa.

Mvinyo wa mananasi niliutengeneza mwenyewe nyumbani Kasungami, ili siku ya kujitambulisha wakwe wanione mtu wa kazi, na kusema kweli nilishaupenda ule mchezo (ukikoroga, mapovu yanapanda kutoka chini, unajiuliza yalikuwa yamejificha wapi, unakoroga tena, yanapanda tena!). Mvinyo wenyewe ulikuwa mtamu ila unachoma ulimi. Jirani aliyenifundisha akaniambia, "Koroga mupaka gaz iishe, kisha uache ipumuzike." Lakini mkono umechoka, saa ya kwenda imefika, nikapata wazo: kama gesi inatoka kwa kutikiswa, si barabara yetu ipo? Mashimo yatanimalizia kazi! Nikaumimina kwenye bidoni, lile dumu la plastiki, nikakaza mfuniko kwa nguvu zote usimwagike, nikapanda pikipiki, na njia nzima nasikia bidoni linavimba mapajani, najiambia, kumbe inafanya kazi (gesi itokee wapi na mfuniko umekazwa, hilo sikujiuliza).

Kwa akina Chantal, mchumba wangu, wote walikuwa sebuleni, mama yake amekaa mbali karibu na mlango, kwa sababu wao ni Waluba, na kwao mkwe hamkaribii mama mkwe, hamtazami machoni, na kumgusa ndiyo hapana kabisa. Shangazi yake akanigeukia mimi mkwe, akasema, "Bukwe, fungula weye mwenyewe, unywe wa kwanza."

Nikafungua. Mfuniko ulipiga dari, mvinyo ukafuata, ukampita baba mkwe, ukaenda kumwogesha mama mkwe kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kifuani. Nami, badala ya kubaki nilipo, nikaruka na leso nikaanza kumpangusa uso. Uso, jamani! Kwa mkono huu!

"Yesu! Anamugusa mama bukwe!" shangazi akapiga kelele. Chantal aliinamisha kichwa. Nilijua nimeshamkosa, na nilitaka kulia palepale mbele ya watu.

Mama mkwe akalamba mdomo taratibu, akamgeukia shangazi (na mimi haongei moja kwa moja). "Mumuulize, gaz yote ilishatoka, ao ingine iko ndani?"

"Ilishatoka yote, mama," nikajibu nikitazama sakafu.

"Basi mutupatie yenye ilibakia. Na yeye alete kuku ya kuomba pardon."

Wakacheka hadi baba mkwe akashika mbavu. Kuku nilipeleka kesho yake, na Chantal nilimwoa. Siku hizi nakoroga hadi mkono ufe ganzi, nauacha mvinyo upumzike, mfuniko naulegeza, na kwenye pikipiki sitaupakia tena maisha yangu yote. Lakini nani atanisadiki? Nikionekana tu getini na bidoni, kabla hata ya salamu, shangazi anatumwa mbio: "Mama anasema ufungulie kule ku barabara."