Kemshafti Mbili za Kelvin

Wilhelmina Chilumba alikuwa ameuza vitenge katika soko la Masasi tangu alipofiwa na mumewe, na miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na sababu ya kuingia gereji. Aliingia arobaini ya mwanawe wa pekee, Kelvin, ilipokuwa inakaribia. Alipita katikati ya magari yaliyofunguliwa matumbo, ameinua pindo la kaniki yake lisiguse oili, hadi lilipokuwa gari la marehemu: Corolla ya stesheni wagoni, nyeupe, boneti wazi, vumbi limeshatanda kwenye vioo.

"Shikamoo, mama," alisema fundi Mujibu, akijifuta mikono kwa tambara.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unifungie ile kemshafti kali."

Mujibu alielewa bila kuuliza zaidi. Alikuwa amesoma darasa moja na Kelvin, na alikuwa mmoja wa waliomchimbia kaburi. Aligeukia meza yake ya kazi. Juu yake zililala kemshafti mbili, sambamba: moja nyeusi kwa umri, nyingine bado inang'aa kwa grisi ya kiwandani. Kwa mtu asiyejua zilikuwa vyuma viwili vya kufanana, fito mbili zenye vinundu vya kufungulia valvu za injini. Ukizitazama kwa makini uliona vinundu vya ile mpya ni virefu zaidi. Ile ilifungua valvu kwa upana na kuzishikilia wazi kwa muda mrefu zaidi, ikaipa injini nguvu nyingi gari likiwa kasi. Mwendo ukiwa mdogo, nguvu ilipotea, na gari likisimama injini ilitikisika na kudunda.

Kelvin aliipenda kwa mdundo huo. Alikuwa mpimaji wa korosho katika chama cha msingi cha ushirika. Msimu ulipokwisha alinunua gari, kisha akaagiza kemshafti kutoka Dar es Salaam, akamsimulia mama yake mezani kama mtu anayetangaza uchumba.

"Likisimama linatetemeka kama lina homa," Wilhelmina alisema, "halafu unaniambia ndiyo uzuri?"

"Hapo ndipo watu wanapogeuka, mama."

"Watageuka wakuone unasukumwa mlimani. Bibi yako kule Kitangari anangoja maji, wewe unanunua kelele. Na mimi humo sipandi ng'o."

Kelvin alicheka hadi akaweka kijiko chini. Ila injini ilikuwa imeshafunguliwa, na toka siku hiyo haikufungwa. Kila Mujibu alipomuuliza aweke ipi, alijibu, "Ngoja kwanza." Akingoja hivyo, alipanda bodaboda kwenda Chiwata kwa shughuli ambayo hakumweleza mama yake. Pikipiki iliteleza kwenye changarawe. Dereva alivunjika mkono. Kelvin hakufika hospitali.

Msibani watu walimwambia ni kazi ya Mungu, naye aliitikia. Moyoni alikuwa na hesabu nyingine. Angenyamaza siku ile mezani, gari lingefungwa, na mwanawe angekwenda Chiwata kwa gari lake. Hilo hakumwambia mtu, hata kaka yake.

Kaka yake, Nikolao, alikuwa ameshasema neno lake. Kwa desturi ya kwao, mali ya kijana aliyekufa bila kuoa hurudi kwa ukoo wa mama, na msemaji ni mjomba. Gari, alisema, litapanda Kitangari kumbebea maji mama yao, Bibi Dominika, kutoka bondeni, maana nyumbani hakukuwa tena na mtu mwenye miguu ya kuteremka na kupanda. Vijana wa ukoo walipomuuliza mambo ya injini alijibu, "Mimi sijui shafti wala kemshafti. Najua gari linalopanda na gari linaloomba kusukumwa."

Wilhelmina alilijua bonde hilo kuliko wote. Alikua akiliteremka na kulipanda, debe kichwani. Alijua gari la kazi ile linataka nguvu za chini chini, za polepole. Hata hivyo alikuja gereji.

"Ifunge hiyo kali niisikie," alimwambia Mujibu. "Siku moja tu. Kaka akija, utakuwa umeshairudisha ya zamani."

Mujibu alitikisa kichwa. "Haiwi hivyo, mama. Kuna vyuma vidogo vinakanyagwa na hivi vinundu, tunaviita tapeti. Tapeti na kemshafti zinalika pamoja, kama mguu na kiatu. Nikiwasha na hii mpya, tapeti zimeshaizoea. Nikirudisha ya zamani zitaitafuna. Na tapeti nyingine za injini hii nimezitafuta mpaka Mtwara, hazipo. Ni moja tu, mama. Ukichagua, umechagua."

"Basi ibaki kali. Kaka nitamjibu mimi."

"Mama."

"Nilimkatalia, Mujibu. Nilimkatalia kitu alichokipenda. Funga."

Mujibu aliichukua kemshafti mpya, akaishika kwa mikono miwili, kisha akairudisha mezani. "Alishaniambia nifunge ya zamani," alisema.

"Nani?"

"Kelvin."

"Lini?"

"Asubuhi ile."

Wilhelmina hakuuliza asubuhi ipi. Mujibu alizungumza akiwa ameinamia meza. Kule Chiwata kulikuwa na mtu aliyeitaka hii kali kwa gari lake. Kelvin aliipiga picha kwa simu, akaiacha pale, akaenda kupatana naye. "Alisema, 'Mama kashinda, fundi. Nataka Pasaka nimpeleke Kitangari, amekaa mbele.'"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje, mama?"

Mahali fulani nyuma yao mtu alikuwa akigonga rimu kwa nyundo. Wiki zote zile Wilhelmina alikuwa ameamini kwamba ulimi wake ulimchelewesha mwanawe. Sasa alijua kwamba ndio uliompeleka. Alikuwa amekuja kulifuta neno lake, na neno lilikuwa limeshatiiwa zamani. Hakulia. Alivuta tairi kuukuu, akaketi juu yake kama mtu aliyechoshwa na safari.

"Funga ya zamani," alisema.

Alikaa pale kazi yote ikifanyika. Mujibu aliipaka kemshafti oili kama mtu anayempaka mgonjwa mafuta, akailaza mahali pake, akapima uwazi wa valvu moja moja, akakaza. Alipowasha, injini iliitika mara moja, ikatulia.

Wilhelmina aliinama kwenye boneti. "Mbona haisikiki?"

"Ndiyo uzima wake, mama."

Aliendelea kuinama hadi Mujibu akazima. Kabla ya kuondoka aliitazama ile inayong'aa. "Yule wa Chiwata akija, mpe. Usiniambie amekuja lini."

Baada ya arobaini Nikolao alilipeleka gari Kitangari. Siku chache baadaye simu iliita Wilhelmina akiwa kibandani, anakunja vitenge.

"Mina, tumepanda mlima wa bondeni kwa gia ya pili," sauti ya kaka yake ilisema, ina furaha aliyojaribu kuipunguza kwa heshima ya msiba. "Madumu yamejaa mpaka mlangoni, wala halikuguna. Huyo fundi wa marehemu anajua kazi. Mama ameoga leo, ameoga maji ya kutosha. Anakusalimu."

"Nimesikia, kaka."

"Marehemu alitupenda, Mina."

"Ndiyo, kaka."

Alikata simu. Mteja, mama mmoja mgeni aliyehamia karibuni kufundisha shule ya Chidya, alikuwa ameshika kitenge cha bluu, akauliza kama kikifuliwa kitachuja.

"Hakichuji," Wilhelmina alisema, akakipokea na kukikunjua chote, yadi zote sita, ili mama yule akione kwenye mwanga.