Paka Aliyelala Juu ya Mbegu

Nikisikia harufu ya karanga mbichi, namwona paka wetu wa pale mjini Baraka, kando ya ziwa. Alilala popote alipotaka: kwenye majivu ya jiko, juu ya kitenge cha mama. Lakini mahali pake hasa palikuwa darini, ndani ya kikapu cha mbegu za karanga, na mama alimwacha awafukuze panya. Mbegu hizo ndizo kitu pekee tulichookoa tulipokimbia vita.

Njaa iliniuma. Mama akienda ziwani kuteka maji, nilimwinua paka, nikala karanga za kujaa kiganja, nikamrudisha taratibu juu ya karanga, naye akaendelea kukoroma.

Siku moja mama alishusha kikapu, akakiona chepesi.

“Hii paka iko nalala tu, mapanya iko natumalizia mbegu!”

Akamtia guniani, akampa mvuvi aliyekuwa anarudi kwao Ubwari, ng'ambo ya maji. Nilisimama mchangani nikimsikia paka akilia mtumbwini mpaka sauti ikapotea.

Sikugusa tena kikapu kile. Mvua ziliponyesha, mama alikishusha tukapande, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tukimbie.

“Unaona, mutoto yangu? Tangu ile paka ilienda, mapanya ilikwisha.”