Maboga ya Mahameni

Kaka yangu aliacha seminari akarudi nyumbani, huku kwetu Mwimbi, na swali moja kichwani: kitu kuwepo maana yake nini? Baba alitaka padri. Akapata mtu anayesimama katikati ya shamba la ulezi akiukodolea macho mpini wa jembe kana kwamba hajawahi kuuona.

Siku hizo jibu alikuwa nalo. Kilichopo, alisema, ni kile unachoweza kukigusa: udongo, ng'ombe, ukuta. Mengine ni maneno tu.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Tuliezua nyumba, tukabeba miti, milango na kuku. Asubuhi ya kwanza, kati ya vibanda vya nyasi vilivyopangwa mstari, bibi alipiga hodi kwa majirani wale wale, kisha akaanza kuzozana na wifi yake kwa jambo lile lile la miaka yote. Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

"Kuta zimebaki kule," akaniambia, "lakini kijiji kipo hapa. Nilikosea. Kilichopo ni watu, na mambo yaliyo kati yao."

Akaenda na wazo hilo hadi chuo kikuu. Alipokuja likizo, tulipita kwenye mahame yetu. Mimaboga ilikuwa imetambaa kote palipokuwa jiko la bibi. Haikupandwa na mtu, wala haikupaliliwa, na maboga yalikuwa makubwa ajabu.

Kaka akachuchumaa. "Nani alikuwa anayaangalia haya?"

"Hakuna."

"Na bado yamekua."

"Kaka, pokea hili, linanielemea."

Alirudi na mawili, moja kila kwapa, akiongea peke yake njia nzima. Mama akamuuliza kama anaumwa.

"Hapana, mama. Nimebadili mawazo."

"Tena?" Mama akachukua kisu, akaanza kukata.

Baadaye alifundisha falsafa miaka mingi. Siku moja nilikwenda kumsikiliza Dar es Salaam, nikakaa nyuma kabisa. Mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mwaka jana ulitufundisha kinyume cha haya."

Kaka akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Kweli kabisa," akasema. "Njoo ukae huku mbele. Twende taratibu, tuone nilikosea lini, jana au leo."