Kona ya Kando ya Kabati

Tangu kiharusi kimwangushe, dereva wa treni mstaafu hakutoa neno wala hakuwa na hamu ya chakula. Mkewe, fundi cherehani, alimbembeleza kwa supu, naye akafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Daktari alikwisha sema kwamba asipokula, atalazwa apitishiwe mrija puani.

Kitu pekee kilichomfanya ageuze shingo ni treni ndogo ya umeme aliyoijenga mwenyewe juu ya meza, chumba cha nyuma. Basi mkewe akahamishia kitanda humo, akaiwasha. Kichwa kikavuta mabehewa, kikapita daraja la mbao, kikafika kona ya kando ya kabati, kikaacha njia. Mabehewa yakalala ubavu. Mzee akafumba macho, chozi likamtiririka. Ikawa hivyo kila ilipowashwa, na kila ilipoanguka hakugusa kitu kutwa nzima.

"Wifi, itoe hii takataka," dada wa mgonjwa alisema alipokuja kumjulia hali. "Inammaliza kaka yangu."

"Nikiitoa atatazama nini? Ukuta?"

"Basi itengeneze."

"Mimi najua kushona suruali, wifi. Reli nitazijulia wapi?"

Hata hivyo, wifi alipoondoka, mke wa mzee alipiga moyo konde. Alikumbuka mumewe akilalamika kabla hajaugua kwamba kona ile ni kali mno, ila meza haina nafasi ya kuipanua. Akaiburuta meza yake ya kukatia vitambaa, ile iliyowalisha, akaiunganisha na ya treni, akachomeka makaratasi chini ya miguu zikawa sawa. Kisha akaanza kung'oa reli.

Mzee akaguna, akapiga godoro kwa mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na uhai.

"Vumilia, Dereva," mkewe akasema. "Nakuomba."

Alipinda kipande kimoja kisifae tena. Lakini alimaliza kona mpya, pana, akawasha. Treni ikapita kabati salama. Ilipotoka tu kwenye kona hiyo na kuingia nyingine iliyopindia upande wa pili, behewa likayumba, likaruka, likavuta yote. Kichwa kikaanguka sakafuni, taa yake ikapasuka.

Akaketi chini palepale, mikono kichwani.

"Kula hutaki," akasema, sauti imekauka. "Kunisaidia huwezi. Sasa nifanye nini mimi? Unataka nitangulie?"

Halafu akasikia ukucha ukikwaruza shuka. Alipoinuka, kidole cha mumewe kilikuwa kikichora: kinapinda huku, kinanyooka, kinapinda kule. Kikarudia. Kwenye mstari ulionyooka kikakazia.

"Iliyonyooka? Hapo katikati?"

Mzee akafumba macho, akayafumbua.

Akaelewa. Alikuwa amegandamanisha kona mbili zinazopingana, treni haina hata pa kujiweka sawa kabla ya kusukumwa upande mwingine. Akabandua kipande kilichonyooka kwenye njia ya pembeni ya kupishania treni, akasogeza kona, akakipachika katikati. Kichwa kisicho na taa kikakohoa, kikaondoka. Treni ikapita kabati, ikapita kile kipande, ikazunguka. Hakushangilia, alikuwa anaingojea ianguke. Ikazunguka tena.

Akachukua bakuli, supu imeshapoa. "Sasa wewe."

Mzee alisubiri behewa la mwisho lipite, ndipo akafungua mdomo. Kijiko cha kwanza kilishuka. Cha pili alikitema.

Wifi aliporudi alimkuta mke wa kaka yake amepiga magoti sakafuni, akikata suruali ya mteja.

"Amekula?"

"Kidogo."

"Na kusema je?"

"Bado. Na mrija daktari hajaufuta."

Kitandani godoro likapigwa. Kidole cha mzee kilikuwa kinaonyesha kona nyingine, ile ya kabla ya daraja. Mkewe aliitazama, akaweka mkasi chini, akainuka kwa taabu.