Dada Guta Mlangoni

Nilishuka kijijini kwetu Ulemo Jumamosi mchana nikiwa na sinema kwenye simu, na kabla hata ya kumsalimia mtu nilikwenda kwanza kuangalia lilipokuwa banda letu la sinema. Halipo. Pale sasa kuna duka la vifaa vya sola, na kijana aliyekaa mlangoni aliniuliza kama natafuta chaja. Nikamwambia natafuta benchi la mbele. Akacheka kwa adabu, kama unavyomcheka mtu uliyeshaona hana madhara. Na wewe unaweza kunicheka, rafiki yangu, nimezoea. Mimi ni mtu mzima mwenye cherehani yangu pale Mwankoko, Singida mjini, ninashona sare za shule na mashuka, lakini ukinigusa kwenye sinema za zamani, katuni na gemu, kazi inalala.

Banda lilikuwa la mjomba wangu. Kuta za fito na udongo, paa la bati, madirisha yamezibwa kwa magunia ya alizeti ili mchana uwe giza. Ukikaa ndani ulinusa petroli ya jenereta, jasho la watu, na mashudu kutoka kwenye mashine ya kukamulia mafuta iliyokuwa jirani. Mpaka leo nikisikia harufu ya mashudu mwili wangu unajiandaa kuona sinema. Deki ilikaa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha bibi ili vumbi lisiingie, na mjomba hakuruhusu mtu akifunue hata kidogo.

Sisi wawili, mimi na binti wa nyumba ya pili, tuliingia bure kwa sababu sisi ndio tuliofagia na kumwagia sakafu maji. Tulikuwa tunaitana "jirani", kwa kuiga mama zetu, na mpaka leo hatujaachana na jina hilo. Aliyekuwa akiwasha jenereta ni kaka yake jirani. Alivuta kamba mara moja tu, jenereta ikaitika, halafu akatubeba mmoja huku mwingine kule akatukalisha benchi la mbele. "Wakubwa wamefika," alikuwa akiwaambia watu, "sasa tuanze."

Sinema zilikuwa nyingi lakini ya kwetu ilikuwa moja. Kasha lake lilipotea kabla haijafika kwetu, kwa hiyo hatukujua jina lake, na lugha yake hata mwalimu wetu alisikiliza akashindwa kuitambua. Sisi tuliiita Dada Guta. Ni ya mwanamke mmoja anayeendesha guta bovu, lile la matairi matatu la kubebea mizigo, anakatiza jangwa kumfuata kaka yake aliyechukuliwa na watu waliojifunga vitambaa usoni. Mjomba alisimama pembeni na fimbo akitafsiri, ingawa hakuelewa neno. Kwa tafsiri yake kila mtu katika lile jangwa alilalamikia bei ya alizeti. Jambazi anamshikia Dada Guta kisu, mjomba anasema, "Anamwuliza, mwaka huu mmeuza gunia shilingi ngapi?" Banda zima linaanguka kwa kicheko.

Ilikuwa sinema mbovu, nakubali. Nyoka wa mtoni alikuwa mpira wa kumwagilia bustani, ulionekana mpaka kishikio chake. Na katikati ya jangwa, Dada Guta analia kwa kiu, nyuma yake anapita mtu wa kofia ameshika chupa ya chai, anatembea zake, wala hamwangalii. Sasa najua alikuwa mfanyakazi wa watengenezaji wa sinema aliyejisahau. Sisi tulimwita Mtu wa Chupa, tukaamini ana maana kubwa. Jirani alisema ni malaika. Mimi nilisema ni malaika gani huyo anayemwona mtu ana kiu halafu anapita na chai yake? Tuligombana siku mbili.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wa sinema za siku hizi. Zimesafishwa mno. Kila kitu kimeelezwa, hakuna Mtu wa Chupa hata mmoja wa kubishania. Katuni nazo hivyo hivyo. Zile tulizochungulia kwa mwalimu, za paka mchovu na mbuzi wake, zilichorwa na mtu ambaye ungeona mkono wake umetetemeka. Za sasa zinang'aa kama sahani mpya na hazinishiki. Kuhusu gemu, ilikuja moja kule saluni, ya kijana anayeruka mashimo, tukaenda kuijaribu. Jirani alicheza mara moja akarudisha kile kidude cha kubonyezea. Akaniuliza, "Ana maisha matatu?" Nikamwambia ndiyo. "Basi haogopi kitu. Mimi simtaki." Nimesoma maoni mengi ya wapenzi wa gemu kwenye simu, sijaona yanayolizidi hilo.

Ila Dada Guta ilikuwa na kasoro moja iliyotuuma. Haikuwa na mwisho. Baada ya shida zote anafika kwenye jumba lenye geti jekundu. Anashuka kwenye guta. Anagonga mara tatu. Mlango unafunguka kidogo, mwanga unampiga usoni, anafumbua mdomo aseme neno, na picha inaganda. Sauti nayo inakatika. "Haya, CD imekwama tena!" mjomba anaruka, anachomoa waya haraka kabla mashine haijaungua. Watu wanapiga kelele: "Mjomba, hiyo CD umeilia ugali?" "Ifute na shati, mjomba!" Anaifuta, anairudisha, wanatazama tena kuanzia jangwani. Inaganda pale pale.

Kisha kaka yake jirani akaenda machimboni kutafuta dhahabu. Aliondoka alizeti zikiwa zimechanua, shamba lote njano, akatuambia atarudi zikianza kuinamisha vichwa. Zikainama. Tukavuna, tukapura, mama yake akapeleka magunia mashineni. Mwanzoni zilikuja salamu kupitia kwa watu, halafu hazikuja. Jenereta ikawa inawashwa na mjomba mwenyewe, kwa kuvuta kamba mpaka anakaa chini kupumzika.

Tangu hapo jirani alikuwa na tabia mbili. Ya kwanza, gari lolote likisimama barabarani anainua kichwa. Awe anakula, awe anasuka, awe darasani, kichwa juu, anangoja aone aliyeshuka, halafu anaendelea. Ya pili ni kumalizia Dada Guta. Tukiwa tunapura alizeti, mimi nagonga upande wangu yeye wake, ananisimulia kilichokuwa nyuma ya geti. Siku nyingine kaka wa Dada Guta alitoka amekonda. Siku nyingine alitoka amenenepa kwa sababu wale watu walimfanya mpishi. Kuna siku alitoka na mke na mtoto, jirani akakasirika kwa hadithi yake mwenyewe: "Yaani ameoa bila kutuambia!" Lakini siku zote alikuwemo. Hakuna hata siku moja mlango ulipofunguka pakawa hamna mtu.

Bibi alikuwa akitusikia anasema, "Nyie mtakuja kuolewa na televisheni," kisha anatuletea viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga, naye anakaa kusikiliza.

Mimi ndiye niliyeharibu. Nilitaka kumpa jirani mwisho wake. Nilimwona bibi anasugua sufuria kwa jivu laini mpaka zinawaka, na vitu vya mbao anavipaka mafuta ya alizeti vinakuwa kama vipya. Siku mjomba alipokwenda Kiomboi kununua petroli niliichukua ile CD, nikaipiga jivu, nikaimalizia na mafuta. Iling'aa, rafiki yangu! Nilijiona ndani yake na meno yote. Jumamosi ikawekwa, watu wamejaa, kioo kikawa cha bluu kitupu. Mjomba akaitoa, akainusa.

"Nani kaikaanga hii?"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mimi nililia, nikasema ni mimi. Mjomba hakunipiga, alinitazama tu akaiweka ile CD juu ya kenchi, kwenye mbao za paa, na panya wakajipatia mafuta. Jirani hakucheka wala hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu.

"Sasa tutajuaje?"

Nikamwahidi nitaitafuta mpaka niipate. Akasema, "Ukiipata, usiangalie mwisho peke yako."

Nimeitafuta tangu hapo. Kwa wauza CD wa Singida mjini, kwa madereva wa malori, kwa kila niliyemjua mwenye deki. Mwisho nikajiunga na kundi la wapenzi wa sinema za zamani kwenye simu, nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuunga: mwanamke, baiskeli tairi tatu, jangwa, mtu na chupa ya chai. Sikutegemea kitu. Kesho yake mtu wa nchi ambayo siwezi kuionyesha kwenye ramani akanijibu kwa alama za kucheka: Mtu wa Chupa! Kumbe na wao wanamjua. Kumbe kuna watu mbali huko wanagombana kama ni malaika. Nilicheka peke yangu mbele ya cherehani mpaka mteja akadhani namcheka yeye. Nikaipakua, nikaitazama mpaka kwenye geti. Alipoinua mkono kugonga, nikaizima. Nilikuwa nimeahidi.

Kwa hiyo nilitoka pale dukani nikaenda kwao. Mama yake alikuwa kibarazani akichambua maharage. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Huko mjini hujakutana na kaka yenu?" Anamwuliza hivyo kila atokaye mjini. Nikamjibu kama tunavyojibu sote: "Bado, mama."

Jirani alikuwa uani, ana watoto wawili sasa, mmoja mgongoni.

"Jirani! Umenenepa, mjini mnakula nini?"

"Tunakula wateja. Njoo ukae, nimekuletea mtu."

Alivyoona guta kwenye kioo alikaa chini pale pale kwenye maganda ya alizeti. Tuliitazama yote, simu tumeiegemeza kwenye debe. Kwenye nyoka alipiga kelele, "Mpira! Mpira ule!" Kwenye Mtu wa Chupa alinipiga begani: "Malaika huyo, bisha tena." Katika nusu ya kwanza gari lilisimama barabarani, akainua kichwa, akaangalia, akarudi. Nilifurahi, nakwambia kweli. Nilijiona nimefanya jambo moja la maana maishani.

Geti jekundu. Anashuka. Anagonga mara tatu. Jirani alinishika mkono. Mlango ukafunguka kidogo, mwanga ukampiga usoni, akafumbua mdomo.

Picha ikaganda.

"Bando limekata," alisema.

"Haitumii bando. Iko ndani ya simu."

"Basi na hii mbovu."

Mimi nilikuwa natazama sehemu ya chini ya kioo, pale penye namba za dakika. Zilikuwa zinatembea. Sekunde moja, nyingine, nyingine. Dada Guta amesimama mdomo wazi, na namba zinakwenda. Zikafika kama arobaini hivi, halafu majina ya watu yakaanza kupanda kutoka chini, meupe, taratibu, juu ya uso wake.

Hivyo ndivyo walivyoimaliza. Walimsimamisha mlangoni kwa makusudi. CD ya mjomba ilikuwa nzima siku zote. Chini ya kile kitambaa cha bibi namba za deki zilikuwa zinatembea hivi hivi, na sisi tulikuwa tunachomoa waya.

Jirani alikunja ncha ya kanga yake, akaanza kufuta kioo cha simu. Alifuta polepole, kwa mviringo, kama mjomba alivyokuwa akifuta. Sikumzuia. Majina yalipita chini ya kidole chake mpaka kikabaki kioo cheusi.

"Hawakuonyesha," alisema.

"Hawakuonyesha."

"Hata wao hawajui kama alikuwemo."

Nilitaka kumwambia tutunge mwisho wetu, kama zamani. Mimi ni mtu wa hivyo, nina daftari zima la katuni nitakazotengeneza nikipata mashine. Nilifumbua mdomo, nikakuta sina hata sentensi moja. Yeye akainuka, akamweka vizuri mtoto mgongoni. "Karibu tule, jirani. Kuna ugali wa uwele na mlenda."

Vitu vingi vimekwenda. Banda limekwenda, bibi amekwenda, mjomba amehamia kwa watoto wake na haoni vizuri. Jenereta iliuzwa vipande. Hivyo vyote naweza kuvikumbuka nikatabasamu. Ila kuna kitu kimoja kilikuwa bado kipo Ulemo mpaka Jumamosi ile, nami ndiye niliyekiletea mwisho wake kwenye mfuko wa sketi. Miaka yote jirani aliamini kuna sehemu iliyobaki, imekwama tu, siku moja mtu ataifuta vizuri itaendelea. Bora ningebaki na CD niliyoikaanga.

Asubuhi nilimsaidia kupura alizeti kabla ya safari. Yeye upande wake, mimi wangu, hakuna aliyesimulia. Gari la kutoka Singida likaja, likasimama pale barabarani, nikasikia mlango unafunguliwa na mtu anashuka na mizigo. Niliinua kichwa kuangalia.

Jirani aliendelea kupura.